Nani Anasoma Kibao? Historia ya Namba za Magari Uganda kwa Mtazamo wa Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vibao vya namba za magari nchini Uganda, tangu enzi ya ukoloni hadi vibao vya kidijitali vilivyoanza kutolewa mwaka 2023. Hoja kuu ni kwamba kibao ni maandishi ya umma yenye wasomaji wawili: dola humsoma mwenye gari, na mwananchi humsoma anayeendesha gari, hata akiwa mtumishi wa dola. Historia ya Uganda inaonyesha kwamba msomaji wa pili amesahauliwa mara kwa mara, na kwamba usahaulifu huo umegharimu maisha. Kwa kutumia mfano wa mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, makala yanaonyesha pia tatizo la kiisimu ambalo sera haijaligusa: herufi za kibao hutajwa kwa namna tofauti na wasomaji wenye usuli tofauti wa shule. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wapanga sera.

1.0 Utangulizi

Mtu akikaa kando ya barabara inayopita karibu na mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, anaweza kusoma sehemu kubwa ya ramani ya Afrika Mashariki bila kufungua kitabu. Lori linaloanza na T limetoka Tanzania, linaloanza na K limetoka Kenya, na linaloanza na R limetoka Rwanda. Pikipiki zinazoanza na U hupita zikiwa na abiria na mizigo, nyingine zikielekea Isingiro, wilaya yenye makazi ya Nakivale. Mbarara ni njia panda: barabara zake zinaelekea Kampala, Katuna kwenye mpaka wa Rwanda, Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, na Kikagati kwenye mpaka wa Tanzania. Kwa sababu hiyo vibao vya nchi nyingi husomwa hapa kila siku, na wanaovisoma ni watu wa lugha nyingi.

Kitu chenyewe kina majina mengi. Waganda husema namba pleti, Watanzania husema pleti namba au namba za gari, na wasemaji wa Kiswahili cha Kivu hupenda plaki, neno lililotoka katika Kifaransa. Makala haya yanatumia kibao, neno linaloeleweka na wote na ambalo tayari limezoeleka kwa maandishi yanayotundikwa hadharani ili yasomwe na kila apitaye. Uteuzi huo una sababu ya kinadharia. Hati ya gari hukaa kabatini na leseni hukaa mfukoni, lakini kibao kimewekwa nje kwa makusudi, mbele na nyuma, ili mtu asiyemjua dereva aweze kumtaja.

2.0 Asili ya kibao na herufi U

Wazo la kulibandika gari utambulisho halikuanzia Afrika. Polisi wa Paris waliagiza magari yabebe vibao mwaka 1893. Nchini Uingereza, Sheria ya Magari ya 1903 ililazimisha kila gari lisajiliwe na kuonyesha namba yake kuanzia tarehe 1 Januari 1904. Hoja iliyotolewa wakati ule ilikuwa rahisi. Farasi hakuweza kumgonga mtu na kutoweka kabla majirani hawajamtambua mpandaji; gari liliweza. Kwa hiyo kibao kilizaliwa kwa ajili ya aliyegongwa na aliyeshuhudia, kabla ya kuwa chombo cha kukusanya ushuru.

Utaratibu huo uliingia Uganda pamoja na utawala wa Waingereza. Herufi iliyoteuliwa kuwa kichwa cha namba za magari ya Uganda ilikuwa U, na katika miaka ya 1950 na 1960 magari mengi yalikuwa na herufi tatu zinazoanza na U zikifuatwa na tarakimu. Nchini Kenya herufi ya kwanza ilikuwa K. Mpaka uliochorwa kwenye ramani ukawa umeandikwa pia juu ya bati.

Gari lililovuka mipaka lilihitaji alama nyingine. Mikataba ya kimataifa kuhusu usafiri wa barabarani, ukiwemo ule wa Geneva wa 1949, iliitaka kila nchi iwe na alama yake ya herufi za Kirumi zisizozidi tatu. Uganda ilipata EAU, Kenya EAK na Tanganyika EAT. Zanzibar nayo ina EAZ. Katika alama hizo jina la eneo linatangulia jina la nchi: EA ni Afrika Mashariki kwa Kiingereza, na herufi ya tatu pekee ndiyo inayotofautisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini alama zake za barabarani hazikuvunjika. Wakati viongozi hawakuwa wakikutana tena, magari yaliendelea kutangaza umoja.

Alama hizo hutunza pia mambo yaliyokwisha kufa. Burundi inatumia RU hadi leo, yaani kifupi cha Ruanda-Urundi, jina la himaya iliyokuwa chini ya Wabelgiji na iliyokoma mwaka 1962. Rwanda ilijitenga na jina hilo kwa kuchukua RWA. Mtafiti wa lugha atatambua hapa tabia ya kawaida ya maandishi rasmi: hudumu kuliko mamlaka iliyoyaandika.

3.0 UVS: herufi zilizotisha

Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979, Waganda walijifunza kusoma vibao kwa namna nyingine. Idara ya usalama iliyojulikana kama State Research Bureau, yenye makao yake Nakasero jijini Kampala, ilitumia magari ambayo namba zake zilianza na UVS. Kisheria herufi hizo zilikuwa namba ya usajili kama nyingine yoyote. Machoni pa watu zilikuwa hukumu. Kumbukumbu nyingi za waliookoka zinaeleza jinsi gari la UVS lilivyosimama mbele ya ofisi au nyumba, mtu akatiwa ndani, mara nyingine ndani ya buti, na asionekane tena.

Jambo la kushangaza kihistoria ni kwamba idara ya siri ilijitambulisha hadharani. Haikuficha kibao; ilikifanya kitishe. Wananchi walisoma herufi hizo vizuri kabisa, lakini usomaji wao haukuwa na pa kupelekwa. Hapakuwa na kituo cha polisi ambacho kingeandikisha malalamiko dhidi ya gari la UVS, wala mahakama ambayo ingeuliza nani alikuwa akiliendesha siku ile. Kibao kilibaki na nusu moja tu ya kazi yake: kilitambulisha bila kuwajibisha.

Mbarara ina ushahidi wake wa kipindi hicho. Mwezi Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walifika mjini kuchunguza habari za mauaji ya askari katika kambi ya Simba. Waliuawa. Mabaki ya gari lao aina ya Volkswagen, lililochomwa moto, yalipatikana yametupwa bondeni, mbali na Mbarara. Tume iliyoongozwa na Jaji David Jeffreys Jones iliwatupia lawama maafisa wa jeshi. Wauaji walijua kwamba gari huzungumza: lina namba, lina rangi, na watu huliona likipita. Ndiyo maana haikutosha kuwaficha wenye gari. Ilibidi gari nalo lifichwe.

Kwa mtafiti wa Kiswahili kipindi hiki kina uzito wa ziada. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo lilitoka kinywani mwa utawala uleule uliotumia magari ya UVS, na lugha ikabebeshwa sifa ya wenye bunduki. Wazee wengi wa kusini na magharibi mwa Uganda bado hukumbuka Kiswahili kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Herufi tatu na lugha nzima zilitiwa doa kwa mkono mmoja. Majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mbarara mwezi Februari 1979, nayo yalizungumza Kiswahili, na watu wakaanza kuisikia lugha hiyohiyo kwa masikio mengine, ingawa mji wenyewe ulikuwa magofu. Kibao, sawa na lugha, hupata maana yake kutokana na mwenendo wa anayekitumia.

4.0 Hesabu ya herufi na usomaji wa kijamii

Muundo wa zamani ulikuwa na kikomo cha kihesabu. Herufi U ikifuatwa na herufi mbili nyingine na tarakimu tatu inaweza kutoa namba zisizozidi 675,324, hata kama herufi zote 26 zingetumika. Baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda mwaka 1991 na kulegezwa kwa biashara ya magari yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japani, kikomo hicho kilikuwa karibu. Muundo mpya uliongeza herufi moja mwishoni, kama vile UAA 001A. Kwa nyongeza hiyo kila kundi la herufi tatu za mwanzo liliweza kubeba hadi magari 25,974. Kenya ilikuwa imefuata njia hiyohiyo mapema zaidi.

Kwa kuwa herufi husonga mbele kwa mpangilio, wananchi walivumbua usomaji ambao serikali haikuukusudia: kibao kinataja umri wa gari katika nchi. Tofauti kati ya UAA na UBA ilizungumzwa mjini kama tofauti ya hadhi. Tanzania, ambako muundo ni T, tarakimu tatu na herufi tatu, lugha imekwenda mbali zaidi: muuzaji anayetangaza gari namba D au namba E anataja herufi ya kwanza ya kundi la mwisho, na mnunuzi anaelewa papo hapo kwamba kadiri herufi inavyosonga ndivyo gari lilivyoingia nchini karibuni. Msamiati huu haukutungwa na baraza lolote. Ni ushahidi kwamba umma ukipewa maandishi yaliyo wazi huyasoma kwa kina, hata zaidi ya mwandishi wake.

Tanzania inatoa somo jingine. Magari ya umma huko husomeka kwa Kiswahili. SU ni Shirika la Umma, SM ni Serikali za Mitaa, JW ni Jeshi la Wananchi, PT ni Polisi Tanzania, na Zanzibar ina SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kipo pia DFP, kifupi cha Kiingereza kinachotaja mradi unaofadhiliwa na wahisani, na mara nyingi wananchi hubaki wakiuliza maana yake. Uganda inatumia UG kwa magari ya serikali na UP kwa ya polisi, na magari ya jeshi hubeba H4DF, mfuatano ambao mtu hawezi kuufumbua kwa kufikiri, lazima aambiwe. Kadiri kifupi kinavyokuwa mbali na lugha ya anayekisoma, ndivyo kinavyomwacha akijua kwamba ameona gari la mkubwa, asijue ni mkubwa gani.

5.0 Gari lisilo na kibao na kibao chenye macho

Tarehe 17 Machi 2017 afisa mwandamizi wa polisi Andrew Felix Kaweesi aliuawa kwa risasi jijini Kampala. Tarehe 8 Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa vilevile. Katika matukio yote mawili wauaji walitumia pikipiki. Siku chache baada ya kifo cha Abiriga, Rais Yoweri Museveni alilihutubia Bunge na kutaja hatua za usalama, mojawapo ikiwa vibao vya kielektroniki kwa magari na pikipiki zote. Julai 2021 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kirusi, Joint Stock Company Global Security, na tarehe 1 Novemba 2023 vibao vya kidijitali vilianza kutolewa kwa magari ya serikali. Magari ya watu binafsi yalifuata baadaye, na namba mpya zikaanza na UA.

Katika kipindi hichohicho Waganda walikuwa wakizungumzia magari ya namna nyingine. Kabla na baada ya uchaguzi wa Januari 2021, magari madogo ya abiria yenye vioo vyeusi, mengi yakielezwa kuwa hayana vibao, yalihusishwa na ukamataji wa wafuasi wa upinzani. Watu waliyaita droni. Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Jeje Odongo, aliwasilisha Bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wakishikiliwa. Familia nyingi zilizowatafuta ndugu zao hazikuwa na namba ya kuandika kwenye malalamiko. Enzi ya UVS kibao kilisomeka lakini hakikuwajibisha. Enzi ya droni kibao chenyewe kiliondolewa. Raia aliyesimama kando ya barabara aliachwa bila neno la kusema kituoni.

Vibao vya kidijitali vinaweza kuusaidia upelelezi, na hakuna sababu ya kulipuuza lengo hilo. Hata hivyo, vinahamisha usomaji kutoka jicho la mtu kwenda kwenye mashine. Juni 2025 mfumo wa faini otomatiki ulizinduliwa, ukimtoza dereva shilingi 200,000 au 600,000 kutegemea kiasi alichozidisha mwendo, na ukasitishwa ndani ya siku chache kutokana na malalamiko. Madereva walilalamika kwamba faini ni kubwa na kwamba alama za mwendo hazikuwepo mahali pengi. Ukiyatazama kwa makini, malalamiko hayo yalihusu usomaji: mashine ilimsoma dereva kikamilifu, ilhali dereva hakupewa maandishi ya kutosha ya kusoma. Mizani ya wasomaji wawili ilikuwa imeinama upande mmoja.

6.0 Nakivale: herufi moja, majina mawili

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa kwanza kupokelewa walikuwa Wanyarwanda. Leo yana wakazi zaidi ya 100,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Nchi hizo zote sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Rwanda na Burundi tangu 2007, Kongo tangu 2022 na Somalia tangu 2024. Kiswahili ndicho daraja kati ya jamii nyingi za hapo, na kati yao na wenyeji wa Mbarara wanaozungumza Runyankore.

Tuseme pikipiki imemgonga mtoto kwenye barabara ya vumbi na kukimbia. Shahidi ni mama wa Kikongomani aliyesoma shule ya msingi kwa Kifaransa huko Kivu. Amekiona kibao na amekikariri. Anafika kituoni na kutamka herufi ya mwisho: ji. Katika alfabeti ya Kifaransa aliyofundishwa, ji ni jina la J. Askari aliyesoma kwa Kiingereza anaandika G, kwa kuwa katika masikio yake ji ni G, na J angetarajia kuisikia kama jei. Shahidi akitaja i, akimaanisha I, askari anaandika E. Pande zote mbili zimetenda kwa uaminifu, lakini namba iliyoingia daftarini ni ya pikipiki nyingine, na mwenye pikipiki hiyo ndiye atakayeitwa.

Tatizo hili halionekani katika nyaraka za sera kwa sababu kibao hudhaniwa kuwa maandishi yasiyo na lugha. Ukweli ni kwamba kibao hakina lugha kinapoonwa tu. Kinapotamkwa huingia katika lugha. Kiswahili chenyewe hakijatulia katika jambo hili. Watoto wa Tanzania hufundishwa kutaja herufi kwa sauti za Kiswahili: a, be, che, de. Wengi nchini Kenya na Uganda hutaja herufi kwa Kiingereza hata wanapozungumza Kiswahili fasaha. Mkongomani, Mkenya na Mtanzania wanaweza kukubaliana juu ya kila neno katika sentensi kisha wakatofautiana juu ya herufi moja.

Kwa mkimbizi tofauti hiyo si mzaha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kwenda atakako kwa mujibu wa sheria, na wengi hutegemea usafiri wa pikipiki, kama abiria au kama waendeshaji. Mtu ambaye neno lake tayari lina uzito mdogo kituoni hana nafasi ya kukosewa herufi. Namba ya kibao ni ushahidi wa nadra ambao maskini na tajiri huweza kuubeba kwa usawa: hauhitaji simu wala wakili, unahitaji macho na kumbukumbu. Ushahidi huo usipotee mlangoni kwa sababu ya jina la herufi.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapa inarudi kwenye swali moja: nani anasoma kibao? Mwaka 1904 jibu lilikuwa mpita njia. Enzi ya UVS mpita njia alisoma akanyamaza. Enzi ya droni alinyimwa cha kusoma. Katika mfumo wa kidijitali anaweza kusahauliwa kwa kuwa mashine inasoma haraka kuliko yeye. Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, hakuna gari la chombo chochote cha dola linalopaswa kumkamata mtu likiwa halina kibao. Kanuni hii itangazwe hadharani na itekelezwe bila kujali nani anaendesha. Mfumo unaoweza kuifuatilia pikipiki ya mchuuzi wa Nyamityobora uweze kulifuatilia gari la askari vilevile.

Pili, maana ya vifupi vyote vya magari ya umma itangazwe kwa lugha zinazoeleweka, kikiwemo Kiswahili. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kutekelezwa kwa agizo la Jumuiya la kukifanya lugha rasmi. Bango la mwendo, ilani ya faini na fomu ya malalamiko ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tatu, vituo vya polisi vinavyohudumia maeneo ya wakimbizi viwe na kadi kubwa ya alfabeti na tarakimu mezani, ili shahidi aonyeshe kila herufi kwa kidole kabla haijaandikwa. Gharama yake ni karatasi moja ngumu kwa kila kituo.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama yakubaliane juu ya majina ya herufi za alfabeti kwa matumizi ya polisi, mipakani na hospitalini. Tumesanifu istilahi za fizikia na za sheria; jina la herufi J limebaki bila makubaliano katika eneo ambalo magari yake yanavuka mipaka kila saa.

Kampala itaendelea kuamua muundo wa vibao, lakini thamani yake itaendelea kupimwa katika barabara za vumbi kama zile za Nakivale, siku ambayo mtu asiye na cheo ataeleza alichokiona, na karani akaandika herufi ileile aliyotajiwa.